Macho na Miguu: Jinsi Tiba Zilivyolinganishwa kwa Haki



Mtu akiugua jicho au mguu hapa Ndosho, hakosi washauri. Jirani atamtajia majani ya kuchemsha, muuza dawa wa sokoni atamwonyesha kichupa, ndugu atamhimiza aende hospitali, na mwingine atamwambia kwamba mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda hana budi kuishi nao. Kila mshauri ana mfano wa mtu aliyepona. Wale ambao hawakupona hawatajwi. Nayo familia yenye fedha za matibabu ya mara moja tu inapaswa kuamua ni neno la nani lifuatwe.

Tafakari hii inahusu historia ya swali hilo: tunajuaje kwamba tiba moja ni bora kuliko nyingine? Tutalifuata kwa njia ya viungo viwili ambavyo maskini huviumiza mapema na kuvitibu kwa kuchelewa, yaani jicho na mguu. Mifano mingi imetoka katika nchi za Afrika, na waliokubali kushiriki walikuwa wakulima, akina mama na watoto wa vijijini.

Kwanza tuelewe njia yenyewe. Tuseme dawa mbili zinashindania kutibu ugonjwa mmoja wa macho. Tukiwapa wenye hali nafuu dawa ya kwanza, na wenye hali mbaya dawa ya pili, ya kwanza itaonekana kushinda hata kama haina nguvu yoyote. Kwa hiyo watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura, ili kila kundi lipate wepesi na wazito sawasawa. Huwafuatilia wote kwa muda uleule na kwa kipimo kilekile. Mwishoni huwahesabu waliopona na wasiopona bila kumficha hata mmoja. Ni haki ya mizani: haifai kuwa na jiwe moja la kununulia na jingine la kuuzia.

Jicho

Trakoma, au vikope, ni ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na vidole, vitambaa na nzi wanaotua kwenye uchafu wa macho na pua za watoto. Upo pia katika baadhi ya sehemu za nchi yetu ya Kongo. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, makovu hujijenga ndani ya kope. Miaka mingi baadaye kope hujikunja kwa ndani, na nywele zake hukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Jicho hupata ukungu, kisha giza. Upasuaji mdogo unaweza kuigeuza kope irudi nje. Lakini upasuaji upi?

Swali hilo lilijibiwa kwa mara ya kwanza kwa mizani ya haki nchini Oman. Madaktari walilinganisha aina kadhaa za upasuaji zilizokuwa zikitumika kwa mazoea, wakachapisha matokeo mwaka 1990 na 1992. Njia ya kuikata kope unene wake wote na kuigeuzia nje ilifanya vizuri kuliko nyingine, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mwaka 2012 Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo kuwa imeondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii.

Hata hivyo, historia haikukoma hapo. Katika jimbo la Amhara, Ethiopia, wagonjwa 1,000 waligawanywa kwa kura kati ya njia hiyo na njia nyingine, ambayo hukata upande wa ndani wa kope pekee. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Baada ya miezi 12, nywele zilikuwa zimerudi kukwaruza jicho kwa asilimia 22 ya waliofanyiwa njia ya kwanza, na kwa asilimia 13 tu ya waliofanyiwa ya pili. Tiba iliyowahi kushinda kwa haki ilishindwa kwa haki. Madaktari wa Oman hawakuwa wamedanganya. Walikuwa wamelinganisha walichokuwa nacho, na waliokuja baada yao walipima zaidi.

Kuhusu dawa, jaribio mashuhuri lilifanyika katika vijiji viwili vya Gambia, likatangazwa mwaka 1993. Watu 194 wenye trakoma walipata ama dozi moja tu ya azithromaisini ya kumeza, ama marhamu ya tetrasaiklini ya kupaka machoni kwa wiki 6, pamoja na vidonge kwa waliokuwa na hali kali. Baada ya wiki 26, waliopona walikuwa asilimia 78 kwa dozi moja, na asilimia 72 kwa marhamu. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa ushindi. Lakini mwulize mama mwenye watoto watano ni lipi rahisi kwake: kuwapaka marhamu machoni kila siku kwa mwezi mmoja na nusu huku wakilia na kukimbia, au kuwapa dawa mara moja. Tiba mbili zikilingana katika kuponya, mzigo wa mgonjwa huamua. Mwaka 2021 Gambia nayo ilithibitishwa kuondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii.

Na je, sabuni na maji? Wilayani Kongwa, katikati ya Tanzania, vijiji 6 vilipewa marhamu. Vitatu kati yake, vilivyochaguliwa kwa kura, viliongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso, iliyoendeshwa na wanakijiji wenyewe kwa mikutano na mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba trakoma kali ilikuwa chache zaidi katika vijiji vya kampeni. Ushauri ambao kila bibi huutoa, wa kunawa uso, ulipimwa kama dawa inavyopimwa, ukaonekana una uzito wake.

Mguu

Watoto wengine huzaliwa na mguu kifundo, yaani wayo umepinda kwa ndani na kisigino kimeinuka. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuunyosha mguu wa namna hiyo pole pole kwa mikono. Kila wiki mguu hufungwa plasta mpya, kisha kwa kawaida mshipa wa kisigino hukatwa kidogo, na mwishoni mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma ili mguu usirudi kupinda. Kwa miongo mingi wapasuaji wengi hawakumjali, wakapendelea operesheni kubwa.

Kilichowabadilisha kilikuwa subira ya kuhesabu. Mwaka 1995 ilichapishwa habari ya wagonjwa wake wa zamani, waliokuwa watu wazima baada ya wastani wa miaka 30 hivi. Asilimia 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Katika watu wa rika lao waliozaliwa bila kasoro hiyo, kiwango kilikuwa asilimia 85. Tiba ya plasta, isiyohitaji chumba kikubwa cha upasuaji, ilikuwa imewakaribisha kabisa na wenzao. Mwaka 1999 njia hiyo ilianza kufundishwa Uganda, ambako mabingwa wa mifupa walikuwa wachache, na wahudumu wa afya wasio madaktari waliandaliwa kuifanya.

Nchini Malawi watafiti waliuliza swali ambalo mzazi wa kijijini angeliuliza: je, ni lazima plasta ibadilishwe mara moja tu kwa wiki? Watoto 40 waligawanywa kwa kura; wengine walibadilishiwa mara moja kwa wiki, wengine mara tatu. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba miguu ilinyooka vilevile, lakini kundi la haraka lilifikia hatua ya kukatwa mshipa kwa siku 16 hivi, na lile la kawaida kwa siku 42. Kwa mama aliyetoka mbali na kulala ugenini, siku 26 ni msimu wa kupanda uliookolewa. Sisi tunaoishi katika mji uliopokea wakimbizi mara nyingi kiasi hiki tunajua thamani ya siku hizo.

Kuna ugonjwa mwingine wa miguu unaotuhusu kwa ujirani. Podokoniosi ni uvimbe wa miguu unaofanana na matende, lakini hauletwi na mbu wala minyoo. Huwapata watu waliotembea pekupeku kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano ya nyanda za juu. Daktari Mwingereza Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, ndiye aliyeuhusisha na udongo huo katika miaka ya 1970. Ng'ambo ya mpaka wetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwakuta wagonjwa katika wilaya zote 30 za Rwanda, ikiwemo Nyamasheke iliyo kando ya Ziwa Kivu. Walio na ugonjwa huu huaibishwa, wakadhaniwa wamelogwa au wamelaaniwa, na wengi hujificha.

Tiba yake ni nyepesi kuitaja: kuosha miguu kwa sabuni, kuipaka mafuta, kuifunga bandeji, kufanya mazoezi, kuvaa soksi na viatu. Lakini je, inasaidia kweli? Huko Gojjam Mashariki, Ethiopia, wagonjwa 696 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilianza matunzo hayo mara moja, na jingine lilisubiri miezi 12. Kipimo kilikuwa idadi ya mashambulizi ya homa na maumivu makali ambayo humlaza mgonjwa kitandani. Matokeo ya mwaka 2018: waliotunzwa walipata mashambulizi 19.4 kwa mtu kwa mwaka, na waliosubiri 23.9.

Tusiikuze tofauti hiyo. Mtu anayeshambuliwa mara 19 kwa mwaka bado anateseka sana. Lakini mashambulizi manne na zaidi yaliyoepushwa ni siku ambazo mtu alikwenda shambani na mtoto wake hakukosa shule. Namba ya kweli, hata ikiwa ndogo, inamsaidia mgonjwa kuliko ahadi kubwa ya uongo.

Jaribio jingine, kusini mwa Ethiopia, lilihusisha wagonjwa 193 na kuchapishwa mwaka 2017. Kundi moja lililoweka miguu katika lita 6 za maji kama kawaida lililinganishwa na kundi lililotumia lita 1 tu, iliyotiwa gliserini kidogo. Ngozi ilipata nafuu katika makundi yote mawili, na zaidi katika lile la maji machache. Hapa Goma, ambako watu wengi hununua maji kwa bidoni au kuyabeba kutoka ziwani, tofauti ya lita 5 kila siku ndiyo inayoamua kama tiba itafuatwa au itaachwa.

Nani alisubiri?

Msomaji makini ameona jambo linalochoma. Huko Gojjam, zaidi ya watu 300 walingoja mwaka mzima wenzao wakitunzwa. Je, hiyo ni haki? Waliogawanya kura walijibu kwa vitendo: hakuna aliyenyimwa kabisa, kwa kuwa kundi la pili liliahidiwa matunzo yaleyale baada ya mwaka. Kabla ya jaribio, wagonjwa wengi wa aina yao hawakuwa na huduma yoyote. Hata hivyo, swali halifutiki, na halipaswi kufutika. Kila utafiti unaomgusa maskini lazima uonyeshe kwamba alielezwa kwa lugha yake, kwamba angeweza kukataa bila kuadhibiwa, na kwamba kilichopatikana kitarudi kwake kabla ya kuwanufaisha wa mbali.

Ipo pia hasara ya kutolinganisha. Watoto waliofanyiwa operesheni kubwa za miguu katika miaka ambayo plasta ya Ponseti ilipuuzwa, nao walilipa, ingawa hakuna aliyepiga kura juu yao. Mazoea yasiyopimwa ni jaribio lisilo na daftari.

Kwetu sisi

Ndosho imejulikana kwa hospitali yake inayopokea majeruhi wa vita, na jeraha la risasi haliwezi kungoja. Lakini jicho linalokwaruzwa na kope, mguu wa mtoto uliopinda na mguu uliovimba kwa udongo haviiti kwa sauti, na mwenye navyo anaweza kuishi jirani yetu miaka mingi bila kuulizwa hali. Vijana wa shirika wanaotembelea wagonjwa wanaweza kuwaona kabla ya wengine, na kumweleza mzazi kwamba mguu kifundo hunyooshwa vizuri zaidi mtoto akipelekwa mapema.

Katika mkutano wenu unaofuata, chukueni tiba moja inayosifiwa mtaani na mjiulize pamoja: wangapi waliitumia, si waliopona tu? Walilinganishwa na nani? Walifuatiliwa kwa muda gani? Anayeisifu anapata nini ikinunuliwa? Na mgonjwa atabeba mzigo gani wa fedha, maji na siku? Kisha mwulizeni muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu maswali hayohayo, kwa heshima ileile.