Istilahi za Injini ya Kupachika: Majina ya Sehemu na Uchakavu wa Giaboksi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya majina ya sehemu za injini ya kupachika, yaani mashine ndogo ifungwayo tezini mwa mashua ili kuisukuma, na hasa majina yahusuyo giaboksi na uchakavu wake. Huenda msomaji akashangaa kwamba tunaanzia Nyanda za Juu za Kusini, nchi isifikayo kwa misitu na chai. Tunayo sababu.

Kule Mgololo, wilayani Mufindi, kiwanda cha karatasi kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikitumia misonobari ya shamba la Sao Hill. Mitambo mikubwa ya namna hiyo huendeshwa kwa gia, shafti na beringi. Kusini yake liko Ziwa Nyasa, penye wavuvi na wasafirishaji wa Kyela katika Mkoa wa Mbeya, na wa Ludewa, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012. Giaboksi ya kiwandani na giaboksi ya mashua hupitana sana kwa ukubwa. Lakini jino ni jino, na oili ni oili. Kwa hiyo istilahi itakayochaguliwa yapasa iwafae mafundi wa pande zote mbili, na vilevile karani aandikaye hati ya kuagiza spea.

Asili ya chombo na ya majina yake

Mtu anayesifiwa kwa kuifanya injini hii iwe bidhaa ya kuuzwa kwa wingi ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyelelewa Marekani, ambaye alianza biashara hiyo mjini Milwaukee mwaka 1909. Kabla yake Cameron Waterman alikwisha kuuza injini za namna hiyo. Zikafuata Johnson katika miaka ya 1920, British Seagull ya Uingereza katika miaka ya 1930, na Yamaha ya Japani mwaka 1960. Umbo la msingi halikubadilika sana. Juu kuna kichwa chenye silinda na pistoni. Krankishafti husimama wima. Shafti ndefu hushuka ndani ya mguu. Na chini kabisa gia za meno ya mshazari hugeuza mzunguko wa wima kuwa wa mlalo, ili rafadha izunguke majini.

Tukiyatazama majina hayo tunaona historia ya pwani na bara kwa pamoja. Rafadha lina asili ya Kiarabu; parafujo lilitoka kwa Wareno; silinda, pistoni, gia na klachi yalitoka katika Kiingereza kwa njia ya gereji na karakana. Jino, mguu na kichwa ni maneno yetu ya mwili wa binadamu, ambayo fundi ameyahamishia kwenye chuma bila kungoja ruhusa ya kamati yoyote. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1930, na tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya kusanifisha istilahi imekuwa ngumu zaidi pale ambapo fundi alikwisha kumtangulia mtaalamu wa lugha. Neno lililokwisha kukaa vinywani mwa watu halifukuzwi kwa waraka.

Kuitambua injini kabla ya kuitaja sehemu

Injini nyingi za zamani zimewapoteza watengenezaji wao. Uzalishaji wa British Seagull ulikoma katika miaka ya 1990. Kampuni ya Marekani iliyotengeneza Evinrude na Johnson ilifilisika mwezi Desemba 2000, na uzalishaji wa Evinrude ulikomeshwa na mmiliki mwingine mwaka 2020. Anayehitaji gia ya injini kama hizo hana budi kuitambua injini yenyewe kwanza, kwa kusoma namba iliyoandikwa kwenye bamba la kibano, yaani sehemu inayoishika mashua.

Hapa mfasiri atakutana na jambo la ajabu. Kuanzia mwaka 1980 Evinrude na Johnson ziliandika mwaka wa toleo kwa herufi mbili zilizochukuliwa katika neno la Kiingereza INTRODUCES. Neno hilo lina herufi kumi zisizojirudia: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, na S ni sifuri. Basi CS ni 1980, na CE ni 1989. Mfasiri akizichukua herufi hizo kuwa kifupisho cha neno na kujaribu kuzitafsiri, au karani akiziacha asizinakili katika hati, spea itakayoletwa yaweza kuwa ya toleo jingine. Herufi za namba ya chombo hunakiliwa kama zilivyo, hazitafsiriwi.

Ishara za uchakavu na majina yake

Katika mazungumzo ya gereji gia iliyoharibika kwa namna yoyote huweza kuambiwa “imekufa”. Neno hilo linatosha kwa maongezi, lakini halitoshi kwa ripoti. Ofisi ikipokea taarifa kwamba giaboksi imekufa, inaweza kuagiza giaboksi nzima kwa fedha nyingi, kumbe kilichohitajika ni sili ya oili tu. Na muda wote huo mashua imelala ufukoni. Kiswahili kinayo tayari maneno ya kupambanua. Gia *imelika* meno yake yakipungua unene, na rafadha ikizungushwa kwa mkono huonekana ulegevu. *Imechimbika* nyuso za meno zikitokea vishimo vidogo kwa sababu ya chuma kuchoka. *Imechubuka* ikiwa na mikwaruzo iliyoletwa na upungufu wa oili. *Imemeguka* jino likitoka kipande. *Imeungua* chuma kikigeuka rangi ya buluu kwa joto. Klachi ya meno nayo *imeviringika* pembe zake zikipoteza ukali, na dalili yake ni gia kuchomoka yenyewe injini inapokaza mwendo; aghalabu chanzo chake ni mwendeshaji kuingiza gia polepole kwa kusitasita.

Hata hivyo ishara moja haina maana moja kwa injini zote. Oili ikitolewa kwa parafujo ya chini ikaonekana nyeupe kama maziwa, kwa kawaida maana yake ni kwamba maji yameingia na sili imelika. Lakini katika British Seagull za zamani, ambazo giaboksi yake haikuzibwa barabara na ilitiwa oili nzito, maji kuchanganyika na oili kulikuwa jambo la kawaida. Ndiyo maana tukasema kuitambua injini kunatangulia kuutaja ubovu.

Mfano wa mwisho ni pini ndogo inayoishika rafadha katika injini nyingi za zamani. Ilitengenezwa laini makusudi ili rafadha ikigonga mwamba ikatike pini, meno ya gia yasalimike. Ikiitwa “pini” tu, mwenye haraka huweka msumari mgumu mahali pake, na mwamba unaofuata huvunja gia. Ikiitwa *pini ya kukatika*, jina lenyewe linamwonya.

Mapendekezo

Kwanza, maneno giaboksi, gia, shafti, klachi, beringi na sili yaachwe, kwa kuwa yamekwisha kuenea kutoka pwani hadi Mgololo. Kuyaundia mbadala ni kumtenga fundi na kitabu chake. Pili, rafadha lipewe nafasi ya kwanza katika maandishi, na propela likubaliwe kuwa kisawe. Tatu, vitenzi vya uchakavu tulivyovitaja vifundishwe katika vyuo vya ufundi na kutumiwa katika fomu za matengenezo, kila kimoja kwa maana yake. Nne, jina la sehemu ya kinga litaje kazi yake, kama ilivyo pini ya kukatika.

Walimu na wafasiri wanaombwa kuyapima mapendekezo haya mbele ya mafundi wenyewe. Istilahi itakayoeleweka ukingoni mwa Ziwa Nyasa na katika karakana ya Mufindi ndiyo itakayostahili kuitwa sanifu.