Viunzi vya tovuti na vitabu vya zahanati: miaka 20 ya DHIS2 hadi Segese

Mfumo wa DHIS2, unaobeba takwimu za wizara za afya katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, unatimiza miaka 20 tangu ulipoanza kutumika katika jimbo la Kerala nchini India mwaka 2006. Maadhimisho hayo yanaangukia wakati ambapo watengeneza tovuti wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanabishana kama ni Laravel, Django, Rails au Next.js inayofaa kujengea tovuti mpya. Ubishi huo huendeshwa kana kwamba umezuka jana, ilhali ukanda huu uliwahi kuukabili kwa gharama kubwa, na jibu lililopatikana wakati huo limefika hata Segese, kata ya wakulima na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga.

Kiunzi, ambacho mafundi wenyewe hukiita freimuweki, ni mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari ili kumwondolea mtengeneza tovuti kazi zinazojirudia, kama vile kupokea ombi kutoka kwenye kivinjari, kuhakiki nywila, kusoma na kuandika katika hifadhidata na kupanga ukurasa. Kiunzi kinapogusa ngazi zote, kuanzia kile anachokiona mtumiaji kwenye kioo cha simu hadi hifadhidata iliyoko kwenye seva, huhesabiwa kuwa kiunzi kamili, na anayekichagua huwa amechagua pia lugha ya programu, aina ya wataalamu watakaohitajika na kiasi cha matunzo kitakachodaiwa kwa miaka mingi ijayo.

Kabla ya tovuti kulikuwa na karatasi. Tanzania ilianzisha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo mhudumu wa zahanati huandika wagonjwa wa nje katika Kitabu cha 5, wajawazito katika Kitabu cha 6 na wanaojifungua katika Kitabu cha 12, kisha mwisho wa mwezi huhesabu vistari alivyovichora kwenye karatasi ya majumuisho na kupeleka jumla hizo kwa mganga mkuu wa wilaya. Nchini Afrika Kusini, watafiti na wanaharakati wa afya walianzisha mwaka 1994 mtandao wa HISP, uliotengeneza toleo la kwanza la DHIS kwa programu ya Microsoft Access. Toleo hilo lilikaa ndani ya kompyuta moja moja, na takwimu zake zilisafirishwa kwa disketi au kwa viambatisho vya barua pepe, hivyo kila wilaya ilikuwa na nakala yake na hapakuwa na uhakika kuwa nakala mbili zilifanana.

Chuo Kikuu cha Oslo kilianza kuandika toleo la pili mwaka 2004, safari hii kwa ajili ya kivinjari. Kwa mujibu wa maandiko ya watafiti wa HISP, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha historia hii, waandishi wake wa mwanzo walichagua lugha ya Java pamoja na viunzi vitatu vilivyokuwa bado vipya. Spring, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2004, iliunganisha sehemu za programu bila kuzifunga pamoja. Hibernate ilibadili safu za hifadhidata kuwa vitu vinavyoeleweka na Java. Na WebWork, ambayo baadaye iliungana na mradi wa Struts na kuzaa Struts 2, ilipokea maombi ya kivinjari na kurudisha kurasa. Uchaguzi huo uliwavutia wanafunzi wa Oslo lakini uliwaelemea wenzao wa India na Vietnam, ambao walilazimika kujifunza viunzi vyote vitatu kabla ya kuongeza hata fomu moja, na hapo ndipo lilipojitokeza swali ambalo halijazeeka, yaani kama chombo kinachosifiwa kuwa huria ni huria kweli iwapo wanaokihitaji hawawezi kukifungua na kukitengeneza.

Kilichokuja kuitetea kazi hiyo ni muundo wake wa ndani kuliko umaarufu wa viunzi vyenyewe. Katika DHIS2, vituo, kata, wilaya na mikoa haviandikwi ndani ya msimbo, bali huhifadhiwa kama mti katika hifadhidata, na msimamizi anaweza kuhamisha tawi zima bila kumwita mwandishi wa programu. Faida ya mpangilio huo huonekana wazi katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania, kwa sababu mwaka 2012, wakati mfumo ukiendelea kusambazwa nchini, Mkoa wa Geita ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga, na Kahama nayo ikagawanywa katika halmashauri zilizojumuisha Msalala na Ushetu. Mfumo ambao ramani yake imegandishwa ndani ya msimbo ungehitaji kuandikwa upya kila mara mipaka inapobadilika, na huenda ungetelekezwa.

Hata hivyo, tukio lililoamua hatima ya DHIS2 katika Afrika lilitokea Kenya mwaka 2011. Mpango uliozoeleka wakati huo ulikuwa kusimika programu katika kompyuta ya kila wilaya, kwa kuwa iliaminika kwamba intaneti ya Afrika haiwezi kubeba mfumo wa taifa, na wenye mashaka walikuwa na hoja nzito: umeme ulikatika, kompyuta zilijaa virusi, na wilaya nyingi hazikuwa na waya wowote wa mawasiliano. Upande wa pili ulisema kwamba mambo yamebadilika, kwani nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010, huku kampuni za simu zikiuza modemu ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta. Ubishi huo ulimalizwa kwa majaribio katika Mkoa wa Pwani wa Kenya, ambako modemu hizo zilionekana kutosha kwa kazi ya kujaza fomu, na uamuzi ukafanywa wa kuachana na usimikaji wa wilaya kwa wilaya na kuwa na seva moja kwa nchi nzima.

Seva hiyo nayo ilizua mvutano. Kuiweka wizarani kulikidhi hisia za umiliki wa taifa, lakini muunganisho wa wizarani haukuaminika, na hivyo wataalamu wakakodi nafasi katika seva ya mbali nje ya nchi, jambo lililowakera waliohoji kwa nini takwimu za wagonjwa wa Kenya zilale ugenini. Mkataba wa ndani ulikuwa kwamba seva ya kukodi ni ya muda hadi mazingira ya nyumbani yatakapokuwa tayari, na ilipofika Septemba 2011 mfumo ulikuwa umeenea nchi nzima. Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuendesha mfumo wa taifa wa taarifa za afya kwa njia ya mtandao pekee.

Ushindi huo usingewezekana bila ufundi mmoja mdogo ambao wapenzi wa viunzi vipya wangepaswa kuuchunguza. Kwa kuwa mtandao ulikatika mara kwa mara, waandishi wa DHIS2 walitumia uwezo mpya wa vivinjari wa wakati huo kuhifadhi fomu na majibu yake ndani ya kompyuta ya mjazaji. Mtandao ulipopotea, ujumbe ulijitokeza juu ya ukurasa ukimwarifu kwamba hayuko mtandaoni na kwamba takwimu zitatunzwa hapo hapo, naye akaendelea kujaza. Uliporejea, ujumbe mwingine ulimwambia kwamba kuna takwimu zinazosubiri, na kitufe kimoja kilizipeleka kwenye seva. Kisanduku kilichojazwa na kupokewa kiligeuka rangi ya kijani, ishara iliyomhakikishia mjazaji kwamba kazi yake haikupotea. Ufundi huo haukutolewa na kiunzi chochote kikiwa tayari, bali ulibuniwa kutokana na mazingira ambayo viunzi vya Ulaya na Marekani havikuyafikiria.

Tanzania ilifuata njia hiyo hiyo kwa mwendo wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na uhusiano na HISP tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zanzibar ilianza mapema kutumia toleo la zamani, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 toleo la mtandao lilikuwa limefika wilaya zote za Tanzania Bara. Wataalamu wa chuo hicho waliandika nyongeza na kufundisha watumiaji, nao ni sehemu ya sababu ya mfumo huo kufika katika zaidi ya nchi 70 duniani. Inasikitisha kwamba mchango huo hausimuliwi ipasavyo katika madarasa ya kompyuta ya Tanzania, ambako mwanafunzi anaweza kuijua historia ya Silicon Valley kwa undani na asijue kwamba msimbo unaotumiwa na wizara za afya katika mabara kadhaa umepitia mikononi mwa Watanzania.

Viunzi vile vitatu havikuzeeka kwa namna moja. Spring na Hibernate vimebaki hadi leo, lakini Struts 2 iligeuka kuwa mzigo. Machi 2017 ilitangazwa dosari iliyomwezesha mvamizi kuendesha amri zake kwenye seva ya mwenzake, na kampuni ya Equifax ya Marekani, iliyochelewa kuweka kiraka kilichokuwa tayari kimetolewa, ikaibiwa taarifa za watu takriban milioni 147. Kurasa za DHIS2 zilizotengenezwa kwa Struts zimekuwa zikiandikwa upya moja baada ya nyingine kwa React, maktaba iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, ambayo huchora ukurasa ndani ya kivinjari chenyewe huku seva ikibaki na kazi ya kutoa takwimu.

Viunzi vinavyobishaniwa leo vinaweza kuelezwa kwa kifupi, kwa sababu vimeongezeka kuliko mawazo mapya. Rails ya mwaka 2004, Django, iliyozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti moja la Kansas na kutolewa mwaka 2005, na Laravel, iliyoandikwa na Taylor Otwell mwaka 2011 kwa lugha ya PHP, hutengeneza ukurasa kwenye seva na kuutuma ukiwa umekamilika. Next.js, iliyotoka mwaka 2016, hutuma ukurasa pamoja na mzigo wa JavaScript unaouhuisha ndani ya kivinjari. Njia ya kwanza huhitaji mawasiliano na seva kila mtumiaji anapobonyeza, lakini humpa mwenye simu ya bei nafuu kurasa nyepesi. Ya pili hutoa kurasa zinazoitika haraka zikishapakuliwa, lakini upakuaji wa mwanzo hula bando na kuichosha simu dhaifu. Desemba 2025, dosari iliyopewa kiwango cha juu kabisa cha hatari ilitangazwa katika sehemu za React zinazotumiwa na Next.js upande wa seva, na kwa namna yake ikarudia somo la Struts: kila kiunzi kitatoboka siku moja, na mwenye tovuti atahitaji mtu wa kuweka kiraka wiki hiyo hiyo.

Kwa mizani hiyo, ulinganisho unaofanywa sasa umeegemea mno kwenye kasi ya kuzindua tovuti na kusahau miaka inayofuata uzinduzi. Ofisi nyingi za umma na halmashauri zimewahi kuzindua tovuti kwa sherehe na hotuba, kisha zikaachwa bila fundi, bila bajeti ya matunzo, zikiwa na matangazo yaliyokoma miaka kadhaa nyuma. Katika machimbo ya ukanda wa Kahama na Geita, ambako rashi ya dhahabu inaweza kuhamisha maelfu ya watu ndani ya wiki chache na kuvuruga hesabu ya chanjo na vyandarua vinavyohitajika, takwimu zinazochelewa kwa sababu ukurasa haufunguki huwa na madhara kwa watoto na wajawazito, na madhara hayo hayaandikwi popote katika majedwali ya kulinganisha viunzi.

DHIS2 haikuchagua viunzi bora kuliko vyote, na kimojawapo kilibidi kung'olewa kwa taabu. Ilidumu kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi, mti wake wa vituo uliweza kuhamishwa na msimamizi wa kawaida, fomu zake zilivumilia kukatika kwa mtandao, na nchi zilizoitumia zilifundisha watu wake kuitunza. Halmashauri inayotangaza zabuni ya tovuti leo ingefanya vyema kumtaka mzabuni aeleze mambo hayo manne kabla hajataja jina la kiunzi, na ionyeshe katika bajeti yake mshahara wa fundi wa mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi.