Kabla ya Cheti cha Baraza

Mshenga wetu alifariki mwaka 2009. Mwaka 1986 ndiye aliyepeleka barua ya posa nyumbani kwetu, Ngamiani, Tanga. Wapo wanaodhani kazi ya mshenga huisha siku ya nikahi. Kwetu haikuisha. Nyumba ilipoyumba aliitwa yeye kwanza, maana posa ilipita mikononi mwake. Upande wangu nilikuwa na somo aliyenifunda; kwake nilisema ya ndani bila kuona haya. Yakizidi, walikaa waamuzi wawili kama inavyoelekeza Sura ya Nisaa, mmoja wa jamaa za mume, mmoja wa jamaa za mke.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliuingiza usuluhishi katika maandishi, huku Tanzania Bara. Ilitaka kila kata iwe na baraza la usuluhishi, ikaruhusu na jumuiya za dini ziwe na yao. Kifungu cha 101 kinasema talaka haiombwi mahakamani mpaka baraza lithibitishe kwa cheti kuwa limeshindwa kuwapatanisha wanandoa, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano. Wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Hilo nalipenda sana. Waliolala kitanda kimoja miaka thelathini waseme kwa vinywa vyao.

Lakini baraza limemezwa na cheti. Watu huenda huko wakiwa wameshaamua kuachana, wanafuata karatasi ya kwendea mahakamani. Mshenga aliitwa maneno yakiwa bado mabichi.

Mwaka 2019 mimi na mume wangu tulikuwa na miaka 33 ya ndoa. Hatukugombana. Tulinyamaza tu. Watoto wameshaondoka, yeye amestaafu bandarini, chai anakunywa barazani, mimi jikoni. Nikamwambia, "Mzee wangu, twende tukasemeshwe." Akakubali upesi kuliko nilivyotazamia. Tulipofika kwenye baraza la usuluhishi, karani akauliza, "Mnataka cheti?" Nikamjibu kuwa tunataka kuzungumza. Akageuza daftari lake huku na huku, asipate pa kutuandika.

Mjumbe mmoja, mama wa makamo, alitusikia. Akatukaribisha kwake Alhamisi, baada ya alasiri. Tulikwenda mara sita. Hakutuuliza nani mkosa. Alimuuliza mume wangu ni kitu gani cha zamani anachokikosa.

Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Alikuwa akiniuliza meli gani imetia nanga."

Ni kweli. Kila aliporudi zamu nilimwekea maji ya kuoga, nikakaa kwenye kibao nje ya mlango wa bafu, naye akanihesabia meli zilizosimama nje, matishari yaliyoshusha na vibarua walioumia. Alipostaafu nikaacha kuuliza, nikidhani hana tena la kusimulia. Yeye akadhani nimemchoka. Miaka minne tumeishi hivyo, na mshenga angeligundua siku ya kwanza.

Nawaomba wazee wa mabaraza, ya kata na ya dini: tengeni siku moja kwa wiki kwa wanandoa wasiotaka cheti. Na makarani wapeni ukurasa wa kuwaandika.