Maji ndani ya kichwa cha mtoto: ugonjwa wa idrosefali

Ubongo wa kila mtu unatengeneza maji kila siku, na maji hayo yanatoka yenyewe. Njia yake ikizibwa, yanajaa na kufinya ubongo. Hiyo ndiyo idrosefali. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijaungana bado, ndiyo sababu kichwa kinakua mbio kuliko mwili. Si uchawi, wala si kosa la mama.

Inatoka wapi?

Watoto wengine wanazaliwa nayo. Lakini huko Mbale, mashariki mwa Uganda, waganga wa hospitali ya watoto CURE waliona kama zaidi ya nusu ya wagonjwa wao waliipata kisha maambukizo, wengi katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba walikuta mikrobe ya Paenibacillus ndani ya maji ya kichwa ya watoto wa namna hiyo.

Inatunzwa namna gani?

Inaomba upasuaji. Njia ya zamani ni mpira mwembamba unaopeleka maji toka kichwani mpaka tumboni. Mpira ukizibika, hata kisha miaka mingi, mtoto anaweza kufa asipofika haraka kwa munganga. Kwa familia ya Ntoto, kati ya Masisi na Walikale, ambako vita na njia mbovu vinaweza kuwazuia kufika Goma, hiyo ni hatari kubwa.

Huko Mbale, munganga Mmarekani Benjamin Warf alianzisha njia ingine: kwa kutumia kamera ndogo, anatoboa tundu ndani ya ubongo na kuchoma sehemu inayotengeneza maji. Hakuna mpira unaobaki. Utafiti wa watoto 100, wote chini ya miezi 6, ulitangazwa mwaka 2017. Kisha mwaka 1, akili za watoto wa njia zote mbili hazikuwa na tofauti kubwa. Tundu nalo linaweza kujifunga, kwa hiyo mtoto lazima arudi kupimwa.

Karibu na sisi, utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulieleza namna munganga wa upasuaji wa kawaida alivyotunza idrosefali Kivu ya Kaskazini, bila kuwa mtaalamu wa ubongo.

Wazazi waangalie nini?

Kichwa kinachokua mbio, utosi uliovimba, macho yanayotazama chini, kutapika, usingizi mingi. Siku ya kupima kilo, mama aombe kichwa kipimwe pia kwa utepe. Ubongo uliofinywa muda mrefu haurudi wote kama zamani, hata maji yakitoka.