Sahani ya Msafiri wa Kazi: Historia ya Chakula cha Bei Nafuu Butembo na Beni

Saa sita mchana, dereva wa lori aliyetoka Kasindi, mpakani na Uganda, mwalimu aliyeitwa kwenye semina, muuguzi wa kampeni ya chanjo na mchuuzi wa vitenge hukutana penye malewa, yaani mgahawa wa bei nafuu wa kando ya njia. Hukalia benchi moja na kuagiza bugali (ugali) kwa sombe ya majani ya muhogo, maharagi au samaki wa Ziwa Edward, kisha kila mmoja huinuka ameshiba bila kumaliza posho yake ya siku. Ndivyo ilivyo Butembo, mashariki mwa Kongo, na ndivyo ilivyo Beni, mwendo wa kilomita zipatazo 54 upande wa kaskazini.

Mlo huo haukuletwa na amri ya serikali wala na hoteli. Ulijengwa kwa zaidi ya karne moja na njia za biashara za Wanande, ambao pia hujiita Wayira, na kwa mikono ya wanawake walioamua kuwapikia wapita njia.

Njia ya chumvi

Kabla ya mkoloni, safari kubwa ya kazi kwa watu wa milima hii ilikuwa safari ya chumvi. Chumvi ilitoka Katwe, ng'ambo ya Ziwa Edward, katika nchi ambayo leo ni Uganda. Wanande waliteremka na maharagi, mbuzi na mazao mengine ya milimani, wakavuka bonde la Semliki, kisha wakarudi wamebeba chumvi ya kuuza hadi kwa watu wa msituni. Henry Morton Stanley alipopita bonde hilo mwaka 1889, akiwa njiani na Emin Pasha kuelekea pwani, aliikuta Katwe ikiwa mahali panapogombewa na wakubwa wa eneo zima kwa sababu ya chumvi hiyo.

Msafiri wa siku zile hakununua mlo. Alikula kwa jamaa wa ukoo, kwa mkwe au kwa rafiki aliyechanjana naye damu. Chakula chenyewe kilikuwa obundu, yaani bugali wa ulezi, ndizi, maharagi na majimbi. Muhogo, ambao leo ndio unga mkuu wa bugali, ulienea baadaye, hasa pale utawala wa Ubelgiji ulipolazimisha wakulima kuupanda kama akiba ya njaa. Utamaduni wa kumpokea msafiri, basi, ulikuwapo kabla ya fedha. Sarafu ilipoingia, ukarimu huo ulipata bei, lakini haukupoteza heshima yake: hadi leo mpishi wa malewa huitwa mama, naye humwita mteja mwanangu au papa kulingana na umri wake.

Migodi, misheni na lori

Mwaka 1923 iliundwa kampuni ya madini ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa kifupi MGL, na kambi yake ya Butembo ikawa moja ya mbegu za mji. Kaskazini zaidi, huko Ituri, dhahabu ya Kilo-Moto ilikusanya maelfu ya vibarua. Vibarua hao walipaswa kulishwa, kwa kuwa mwajiri wa enzi hizo alidaiwa kutoa posho ya chakula juu ya mshahara. Milima ya Lubero ikageuka ghala. Maharagi, viazi, ngano na mboga za baridi zilishuka kwa lori kuelekea migodini na mijini, Kisangani ikiwamo. Walowezi wa Kizungu walianza biashara hiyo ya mboga, na wakulima wa Kinande wakaingia na kuipanua.

Upande wa mashariki kulikuwa na samaki. Mwaka 1925 Mbuga ya Albert, ambayo sasa ni Virunga, ilianzishwa, na baadaye uvuvi kwenye Ziwa Edward ukawekewa mipaka. Vijiji vya Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ndivyo vilivyoruhusiwa kuvua, chini ya ushirika uliokuja kujulikana kama COPEVI. Tilapia walikaushwa au kutiwa chumvi ili wahimili safari. Kutoka Kyavinyonge walipandishwa milimani kupitia Kyondo hadi Butembo, na hivyo mtu wa mwinuko wa mita zaidi ya 1,700, mbali na maji, akazoea samaki kama kitoweo cha kawaida.

Kitu cha tatu kwenye sahani hiyo, baada ya mazao ya mlimani na samaki, kilikuwa mafuta ya mawese. Mchikichi haupendi baridi ya Butembo na Lubero, bali hustawi katika joto la Beni, Mangina na Mambasa. Kwa hiyo sombe ya Butembo imetegemea tangu mwanzo barabara inayoshuka msituni. Ukiitazama sahani moja ya mji huu, unaona nchi tatu: mlima umetoa maharagi na viazi, ziwa limetoa samaki, msitu umetoa mafuta.

Wakubwa wa utawala walilala na kula katika nyumba za wageni za serikali zilizojengwa kando ya barabara kuu. Wamisionari Waasumpsionisti, walioingia Beni-Lubero mwaka 1929, walipokea wageni wao katika misheni, na hata leo vituo vya mapokezi vya kanisa ni tegemeo la msafiri anayetafuta kitanda safi na chakula cha kiasi. Lakini dereva, utingo na mchukuzi hawakuwa na nafasi katika nyumba hizo. Waliwategemea wanawake waliokaa na vyungu pale lori linaposimama.

Mji wa wafanyabiashara

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, na hasa baada ya Rais Mobutu kutaifisha biashara za wageni mnamo Novemba 1973, wafanyabiashara wa Kinande walichukua usukani wa uchumi wa Butembo. Mtafiti Vwakyanakazi Mukohya aliandika tasnifu juu yao mwaka 1982, na Janet MacGaffey akawaeleza kwa kirefu katika vitabu vyake kuhusu uchumi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa enzi hizo. Walipeleka kahawa Uganda na Kenya, wakaleta nguo na vipuri, kisha wakafika Dubai na Guangzhou. Serikali ilipoacha barabara zioze, Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni toka 1966 hadi 1997, aliwahimiza waumini na matajiri wazitengeneze wenyewe.

Malewa ilistawi katika mazingira hayo hayo ya watu kujitegemea. Mtaji wake ni mdogo: masufuria, makaa, meza na benchi. Lakini ufundi wake ni mkubwa. Mama huamka usiku kuchemsha maharagi, kutwanga majani ya muhogo na kupika sombe muda mrefu hadi sumu na ukali wa majani viishe. Hununua unga, mafuta na samaki kwa mkopo wa asubuhi na kulipa jioni, kwa hiyo uaminifu wake sokoni ni sehemu ya mtaji. Humjua mteja asiyekula pilipili na yule anayelipa mwisho wa juma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 noti ya zaire ilipoteza thamani hadi ikabadilishwa mwaka 1993, kisha faranga ya Kongo ikachukua nafasi yake mwaka 1998. Katika misukosuko ya aina hiyo mpishi ana njia mbili za kumlinda mteja wake: kupunguza donge la bugali au kubadili kitoweo. Samaki akipanda bei, maharagi na lenga-lenga (mchicha) hubaki. Ndiyo maana mlo haukutoweka hata fedha ilipokuwa karatasi tupu.

Nchi nyingine zilifika kwenye mlo wa namna hii kwa njia tofauti. Hispania, katikati ya miaka ya 1960, serikali ya Franco iliwaamuru wenye mikahawa waweke mlo kamili wa bei moja kwa ajili ya watalii. Kutokana na amri hiyo ulikua mlo wa mchana uitwao menú del día, ambao hadi leo humlisha mfanyakazi na msafiri wa kawaida nchini humo. Huko dola ilipanga na wapishi wakafuata. Butembo na Beni wapishi walipanga wenyewe, na dola mara nyingi ilifika kudai ushuru tu.

Vita na Ebola

Vita vya 1998 hadi 2003 viliifanya Beni kuwa makao ya kundi la waasi la RCD-K/ML na kukata njia za kwenda Kinshasa. Lori zilipokosa barabara, wasukuma baiskeli walipita msituni kwa siku nyingi wakiwa wamefunga madumu ya mafuta ya mawese, na vyungu vya njiani ndivyo vilivyowaweka hai. Kuanzia Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yaliwaondoa wakulima mashambani, hasa kuelekea Mbau, Oicha na Eringeti. Shamba likiachwa, muhogo na ndizi hupungua katika soko la Kilokwa mjini Beni, na bei ya sahani hufuata.

Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa ukianzia Mangina. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Mamia ya wafanyakazi wa kupambana na ugonjwa huo walimiminika, hoteli zikajaa na kodi zikapanda. Mama wa malewa waliweka ndoo ya bomba na maji ya klorini mlangoni, kazi iliyolinda wateja na jirani zao. Waliendelea kupika katika miji ambayo hofu na uvumi viliwafanya watu waogope hata kusalimiana kwa mkono.

Mwisho wa Juni 2024 waasi wa M23 waliteka Kanyabayonga, na njia ya zamani ya chakula kati ya Butembo na Goma ikavurugika tena. Upande wa Kasindi, barabara inayoelekea Uganda imepata umuhimu mpya. Njia inapohama, malewa huhama nayo.

Wajibu wetu

Tumeandika mengi juu ya matajiri wa Butembo, juu ya maaskofu wake na juu ya vita vyake. Wanawake waliowalisha wote hao hawana kitabu. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, na Beni ina shule na redio zake. Wanafunzi wa historia wawaendee mama hawa na daftari, waandike walianza lini, walikopa kwa nani, walipika nini mwaka wa vita na mwaka wa Ebola. Wakuu wa miji nao wawape maji safi, kivuli na ushuru wa haki, kwa kuwa wanafanya kazi ya umma bila mshahara wa umma.

Nawe msafiri uliyetumwa kazini huku, kula malewa. Nawa mikono, salimia kwanza, lipa kabla ya kuondoka, na umuulize mama samaki wake ametoka wapi. Jibu atakalokupa ni historia ya nchi hii.