Namba Kwenye Ganda la Risasi

Sokoni Chwele, Bungoma, upande wa wauza ugoro, kuna mzee anayepima bidhaa yake kwa ganda la risasi. Wenzake wanatumia kijiko au kizibo cha soda. Yeye huchovya ganda mkebeni, akalipangusa mdomo kwa kidole gumba, akamimina kwenye kipande cha gazeti na kukunja. Ganda lenyewe ni la shaba, urefu wake unapita kidogo pingili mbili za kidole, limebanwa shingoni na kitako chake kina ukingo uliotokeza. Nilipoligeuza nikakuta alama za kiwandani zimefutika karibu zote, ila VII ya Kirumi ingali inasomeka.

"Hiyo ni .303," akaniambia kabla sijauliza. "Ilikuwa ya serikali."

Namba hiyo ndiyo iliyonifanya nichimbe habari hizi. Ukikutana na wawindaji wa Marekani au Ulaya utawakuta wakibishana mpaka chai ipoe: kwa kulungu, unatumia risasi ya kipenyo gani? Nyembamba na yenye mbio, au nene na nzito? Kulungu wanayemsema hatunaye huku. Barani Afrika jamaa zake wa asili wako kaskazini kabisa, kwenye milima ya Atlas. Sisi tuna mbawala, tohe, kongoni, pofu na nzohe. Hata hivyo ubishi huo ulishapita huku kwetu, na mmoja wa watu walioufanya uvume duniani alianzia safari zake Mumias, akazunguka Mlima Elgon kuelekea Karamoja.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. .303 ni upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za inchi, yaani milimita 7.7. Waingereza waliichagua kwa jeshi lao mwaka 1888. Kabla yake askari wao walibeba mitutu mipana kama mabomba: Snider ya .577, ambayo ni karibu milimita 15, kisha Martini-Henry ya .45. Kila moja ilirusha donge la risasi la gramu 31 hivi, likaacha wingu la moshi lililomtangazia kila mtu ulikolala. Silaha hizo zilipozeeka Ulaya zilipata kazi mpya kwenye misafara ya Afrika Mashariki, na ndizo zilizokuwa mikononi mwa wapagazi na walinzi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikipita kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, kwenda Uganda.

Ndivyo bunduki zilivyofika Bungoma: zikiwa mitumba. Wabukusu walizipata kwa wafanyabiashara wa misafara ya pembe na kwa askari waliotoroka kazini. Hakuna aliyesimama dukani akauliza kipenyo. Tena kwa mujibu wa mkataba uliotiwa saini Brussels mwaka 1890, mataifa makubwa yalikuwa yamekwisha kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe kwa wenyeji kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Mkataba ulisema unapiga vita biashara ya watumwa, na kwa sehemu ni kweli. Lakini mtu wa Sang'alo au Kimilili, kama angebahatika kupata silaha kwa njia halali, angepewa gobori la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Mwenye bendera alibaki na ile inayopakiwa kwa nyuma.

Mambo yalichacha pale utawala mdogo wa Kiingereza uliokuwa Mumias ulipodai bunduki zirudishwe. Kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzikusanya kiliangamizwa. Mwaka 1895 afisa wa utawala huo, Charles Hobley, aliongoza jeshi la kulipiza kisasi, akiwa na Wasudani, Waganda, Wawanga na Wamasai. Wabukusu walijifungia ndani ya ngome zao za udongo zenye mahandaki, zile wanazoziita chingoba. Ngome ya udongo ilitosha kabisa kumzuia mvamizi mwenye mkuki, na hata mwenye gobori alipata taabu nayo. Haikujengwa kwa ajili ya bunduki ya rasharasha. Lumboka ikaanguka, na baada yake Chetambe, kwenye mlima unaotazama mji wa Webuye wa leo. Ukipanda Chetambe sasa utaona handaki limejaa nyasi, na watoto wakichunga ng'ombe juu yake.

Miaka michache baadaye akatokea kijana wa Kiskoti, Walter Bell, mzaliwa wa 1880, ambaye wenzake walikuja kumbandika jina la Karamojo. Mumias ilikuwa mlango wake wa kwenda kutafuta pembe. Wakati huo kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba ndovu hauawi bila bunduki ya mitutu miwili yenye uzito wa mtoto na teke la punda. Bell alibeba bunduki za askari. Alianza na .303, kisha akaipenda Mauser ya milimita 7, ambayo fundi wa London aitwaye Rigby aliiuza kwa jina la .275. Risasi yake ilikuwa gramu 11 tu. Ndovu zaidi ya elfu moja alioandika kwamba aliwaua, wengi wao walianguka kwa kijirisasi hicho.

Hakufanya uchawi. Alichukua fuvu la ndovu akalikata kwa msumeno katikati, atazame ubongo umelala wapi na risasi itaufikiaje akiwa ubavuni, mbele, au nyuma ya mnyama kwa mshazari. Alitumia risasi zilizovikwa ganda gumu la chuma pande zote, ndefu, zenye ncha ya mviringo, ambazo hupenya mfupa bila kupinda njia. Halafu kulikuwa na hesabu ya duka: risasi za kijeshi zilikuwa bei nafuu, zimetengenezwa kwa uangalifu, na hazikwami mtutuni. Bunduki nyepesi haimchoshi mtu anayetembea maili nyingi kila siku, wala haimtetemeshi bega akaogopa kufyatua.

Binafsi sipendi hesabu ya ndovu elfu moja. Lakini somo lake la kupasua fuvu ndilo jibu bora zaidi ninalolijua kwa wale wabishi wa kulungu. Waliomwiga bila kuufahamu msumeno wake waliwaacha ndovu wakitembea na vidonda, na ni kwa sababu ya watu wa namna hiyo sheria za uwindaji ziliweka kiwango cha chini. Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaendelea, huwezi kumfuata ndovu au nyati na kitu chini ya .375. Hiyo .375 ilitoka kwa watengenezaji wa bunduki Holland & Holland mwaka 1912, ikiwa na risasi ya gramu 19, na tangu siku hiyo imekuwa kama panga la nyumbani: si bora kwa kazi yoyote moja, ila inafaa kwa zote.

Novemba 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka urais wa Marekani mwezi Machi, alipiga kambi kando ya mto Nzoia kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Yeye hakuchagua, alibeba duka zima: Springfield ya .30 ya jeshi lao, Winchester ya .405, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland ya .500/.450. Leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa pauni 50, fedha ambayo mpagazi wake asingeiona maishani. Ndovu aliowaua huko pamoja na mtaalamu wa kukausha wanyama Carl Akeley walikaushwa kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York.

Walowezi walikuja na namba zao pia. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya ng'ombe walileta Mauser ya milimita 7, ileile aliyoipenda Bell, ambayo walikuwa wamepigana nayo dhidi ya Waingereza miaka michache kabla. Waingereza waliogawiwa mashamba ya Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa mpango wa 1919 wa kuwapa ardhi maaskari wastaafu, walikuja na .303. Kongoni waliokuwa wametapakaa kwenye nyasi pale yalipo mahindi leo waliliwa na bunduki hizo mbili, nyama ikaanikwa, ngozi ikakatwa kamba za kufungia ng'ombe wa plau. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, aliyetaka kongoni alikuwa ameanza kwenda mbali kumtafuta.

Sasa turudi kwa ile VII ya mzee. Ni risasi ya mtindo wa saba, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1910. Ile ya zamani, aliyoijua Bell, ilikuwa ya gramu 14 na pua ya mviringo. Hii mpya ilichongwa pua, ikapunguzwa hadi gramu 11, na ndani ya ncha wakaweka kitu chepesi, alumini kwa kawaida, ili uzito ukae nyuma. Inapoingia mwilini hupinduka. Kwa mwanadamu au kongoni, hilo ni balaa. Kwenye fuvu la ndovu, kupinduka ni kupotea njia. Kwa hiyo mlowezi mwenye risasi ya bure ya jeshi na mwenzake mwenye boksi la zamani walikuwa na bunduki ya namba moja na matokeo mawili tofauti, na nina hakika walitukanana sana vilabuni kila mmoja akiapa kwa aliyoyaona.

Aliyekuwa akiishi hapa kabla yao hakuwa na la kusema kwenye ubishi huo. Kanuni za wanyama pori zilimfanya jangili kwa mkuki, mbwa, wavu na shimo. Waogiek wa Chepkitale, juu kule Elgon, waliwinda kwa mshale wa sumu, silaha ambayo haina kipenyo: mkwaruzo mmoja ukifika damuni, kilichobaki ni kufuata nyayo kwa subira.

Zamu ya mwenyeji kushika .303 ilikuja akiwa na sare. Askari wa utawala na polisi wa akiba wa mipaka ya Trans Nzoia na Pokot walibeba Lee-Enfield miaka mingi baada ya uhuru. Kisha mwaka 1979, Idi Amin wa Uganda alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikamiminika Karamoja hadi upande wetu. Tangu hapo mazungumzo yakawa ya G3 na AK-47. Zote mbili huandikwa 7.62, kipenyo kile kile cha Springfield ya Roosevelt, lakini ganda la moja lina urefu wa milimita 51 na la nyingine 39. Baruti haziwi sawa, na risasi hazibadilishani. Muulize mfugaji yeyote wa Kacheliba, atakutofautishia kwa mlio.

Uwindaji wenyewe ulikuwa umefungwa Mei 1977, Kenya nzima. Miaka mitatu kabla, mwaka 1974, serikali ilikuwa imetenga kinamasi cha Saiwa, nje kidogo ya Kitale, kwa ajili ya nzohe. Ni mbuga ya kilomita za mraba 2.9 tu, ndogo kuliko mashamba kadhaa yaliyowahi kuizunguka. Nzohe ana kwato ndefu zilizopanuka, hatembei vizuri penye ardhi kavu, na akishtuka huzama majini akaacha pua nje. Alfajiri unapanda jukwaa la mbao, unangoja. Nilipokwenda nilimwona mmoja kwa dakika mbili hivi, kisha mafunjo yakajifunga.

Mzee wa Chwele naye alikuwa polisi wa akiba ujanani. Nilimuuliza amewahi kuifyatulia nini ile .303. Akasema alipewa risasi tano, na kila mwisho wa mwezi alizipeleka kituoni zihesabiwe. Ukipiga moja, unarudisha ganda. Usiporudisha, unaandika maelezo, na pengine unalala ndani.

"Sasa hili, Mzee, lilibakije kwako?"

Akalichukua mkononi mwangu, akalichovya, akampimia mteja aliyekuwa nyuma yangu.