Tumaini la Wapagazi: Funzo kutoka Njia ya Unyanyembe

Tunapofundisha juu ya tumaini la Kikristo, mara nyingi tunaanzia kaburini na kuishia mbinguni. Siku za katikati, yaani siku za kulima, kuuguza na kudaiwa, tunazipita upesi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba siku hizo hasa ndizo mahali pa tumaini. Mfano wetu tunautoa katika historia ya Unyamwezi.

Msafiri wa reli ya kati atokaye pwani hupita Goweko kabla ya kufika Tabora. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake karibu mizigo yote ilibebwa na wanadamu: pembe za ndovu zikishuka pwani, nguo na shanga zikipanda bara. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo. Hatuwezi kunena juu ya tumaini katika nchi hii huku tukilisahau jambo hilo.

Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, akiwangoja watu ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Walifika mwezi Agosti. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, kijana Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa na misheni huko Nasik, India. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko walipouzika moyo wake. Kisha yeye, Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili kuelekea pwani.

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wauzike mwili pale pale. Shauri hilo halikuwa la kipumbavu, kwa maana safari iliyobaki ilikuwa ndefu na ya hatari. Hata hivyo walikataa. Mbele yao, huko Kasekera, wenyeji walipinga maiti kupitishwa. Ndipo wakaufunga mwili upya, ukafanana na robota la nguo, wakarudisha mzigo wa bandia Unyanyembe kana kwamba ndio uendao kuzikwa. Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Huko wengi wao walipewa ujira wao, wakaachwa waende zao. Maziko yalipofanyika Westminster tarehe 18 Aprili, Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma hawakuwapo.

Hatusemi kwamba wote hao walikuwa Wakristo, wala kwamba mwili uliozikwa Unyanyembe ungekosa ufufuo. Bwana wa ufufuo hashindwi na kaburi la mahali popote. Lakini mwendo wao unatuonyesha jinsi tumaini linavyoishi. Mtume Paulo, katika Warumi 8:24-25, analiunganisha tumaini na yale yasiyoonekana, tena na saburi. Mpagazi aliyekuwa Unyanyembe hakuiona bahari. Alichokiona ni mzigo wake na kambi ya jioni. Hata hivyo, kwa sababu bahari ipo, kila kambi ilikuwa na maana; na bila kambi hizo, bahari isingefikiwa kamwe.

Wainwright mwenyewe alirudi Afrika, na mwisho wa maisha yake alikuwa kwenye misheni ya Urambo, magharibi ya Tabora, alikofariki mwaka 1892. Kwake hapakuwa na msafara wa heshima. Kanisa linalokumbuka aliyebebwa na kuwasahau waliobeba halijaelewa bado injili ya Yeye aliyejitwika msalaba wetu.

Basi, ndugu watumishi, mkulima wa tumbaku anayengoja malipo ya msimu, na mama anayemuuguza mwanawe mbali na hospitali, tutawaambia nini? Tukiwaambia wangoje mbingu tu, tumewatwika mzigo wa pili. Tukiwaahidi kwamba imani italeta malipo kesho, tumewadanganya. Hatuna budi kufanya lile ambalo wapagazi walifanyiana: kuinama, kushika upande mmoja wa mzigo, na kutembea nao hadi kambi inayofuata. Anayejua kwamba Kristo amefufuka anaweza kufanya hivyo pasipo kukata tamaa, hata kama leo haioni pwani.